Miaka 11 nalea watoto deikea, cheti sina. Urasimishaji wa ujuzi unatuhusu na sisi?

MleziMbagala: Habari zenu wakuu. Nipo kituo cha kulelea watoto mchana huku Mbagala, nilianza kwa kufua nepi na kuosha vyombo, mdogomdogo dada mwenye kituo akawa ananiachia wale wa mwaka mmoja na ndo darasa langu mpaka leo. Mtoto akikataa uji asubuhi nishajua kama kadeka au anaumwa. Sasa dada anataka wote tuwe na vyeti, na form four nilipata ziro. Nasikia VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wanarasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, yaani wanawapima na kuwapa cheti kwa kazi waliyojifunzia kazini, walezi je?

SeremalaKeko: Dada mi nimerasimishwa, matokeo ya form four hawakuyagusa. Wanakuhoji, halafu unafanya kazi mbele yao wanakuangalia mpaka unavyoshika randa. Nilikopelea, kusoma michoro na usalama kazini, wakaninoa kwanza ndo nikapata cheti. Nenda kaulize fani yako, usiishie kusikia.

BiMkubwa_T: Mdogo wangu, deikea zipo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, wanaozisimamia ni Ustawi wa Jamii, kwahiyo pitia na kwa afisa ustawi wa wilaya yako. Ukitaka kusoma chuo, astashahada wanataka D nne, itabidi urisiti mtihani wa form four. Ila anza leo kukusanya ushahidi: barua ya mwenye kituo inayotaja miaka yako, semina ulizohudhuria, daftari la mahudhurio ya watoto. Bila karatasi, hiyo miaka 11 inabaki maneno tu.

BabaNai: Wa kwangu alichelewa kuongea, sisi tunasema ataongea tu. Aliyegundua haitiki akiitwa kwa nyuma ni mlezi aliyeishia darasa la saba, kwenda hospitali kumbe masikio yamejaa usaha. Yule dada namuheshimu mpaka kesho.

Nasra_K: Sawa, ila uzoefu pekee hautoshi jamani. Kituo alichokuwa mwanangu mtoto alipaliwa karanga, walezi wazoefu kabisa wakawa wanampulizia utosini, bahati alipita nesi akamwinamisha akampiga mgongoni ikatoka. Wapimwe kwa vitendo, huduma ya kwanza iwemo, na asiyejua afundishwe, sio afukuzwe.

MleziMbagala: Nasra hiyo ya karanga imenishtua, mi ningempa maji. Jumatatu naomba ruhusa naenda VETA Chang'ombe, barua dada kakubali kuniandikia.