Kutoka Mwanza na droni kwenda nje: niibebe, nikodi huko huko au niiache?

Shuting_Igoma
Wakuu habari za jioni. Mwezi ujao nina safari ya kikazi nje ya nchi, nimepata harusi ya kushuti na mteja anataka vipande vya juu, yani bila vipande vya juu kwake hiyo sio video. Droni ninayo. Sasa kuna watu wananitisha eti wa forodha wakiiona wanachukua na hawarudishi. Hapa nina njia tatu, nijilipue niibebe, nikodi ya mwenyeji huko huko, au niiache kabisa nimwambie mteja tunapiga za chini tu. Waliowahi kutoka na droni mnashaurije? Advansi nishakula kwahiyo kazi lazima iende.

Kirumba_Mwaloni
Nje ya nchi ndo wapi mkuu? Japani ni nje, Rwanda nayo ni nje.

Dada_Pasiansi
Na ni droni gani, uzito gani, unaenda kwa ndege au kwa basi? Mleta mada kaficha kila kitu alafu anataka ushauri. Cha kutaja ukakitaja, kuwa advansi ushakula.

FundiBetri
Kama ni zile ndogo za chini ya gramu 250 beba tu mkuu, hazina shida popote. Mi ndo maana nawaambiaga watu wauze hayo madude makubwa wachukue ndogo, unaiweka hata mfuko wa koti. Za harusi inatosha kabisa, mteja hajui tofauti.

Kapteni_Capri
FundiBetri usimpoteze mwenzio. Hizo gramu 250 ni mambo ya usajili ya Marekani na Ulaya, na huko Ulaya kwenyewe hata hiyo ndogo ikiwa na kamera mwenye nayo anajisajili. Forodha za nchi nyingi hawana mzani wa kupima droni yako. Nenda Morocco, walipiga marufuku kuingiza droni tangu 2015, ukishuka nayo inabaki uwanjani iwe ya gramu 200 au kilo mbili. Misri wana sheria ya 2017, bila kibali cha Wizara ya Ulinzi hata kuimiliki tu ni kosa. Kwahiyo swali la Kirumba ndo lenyewe, NCHI GANI?

Shuting_Igoma
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni Uganda. Droni ni Mavic Air 2, betri tatu. Naenda na basi, Bukoba mpaka Mutukula. Bwana harusi ni wa huku kwetu, bibi harusi Mganda, tunaanza na ile kwanjula yao, yani sherehe ya utambulisho, nyumbani kwa wazazi wa binti.

Kirumba_Mwaloni
Ungesema Uganda toka mwanzo tusingefika Morocco 😂

Dada_Pasiansi
Uganda huendi kienyeji kaka. Kibali kinatoka UCAA, ndo mamlaka yao ya anga, na watu wa ulinzi wanakuhakiki pia. Unaomba KABLA hujasafiri, sio unafika Mutukula ndo unaanza kujieleza. Na mwezi mmoja kwa hayo mambo mi nauona mfupi. Kodi ya mwenyeji, tena ukodi na rubani wake mwenye vibali, wewe shika kamera ya chini. Kwanza kwanjula yenyewe utamu uko chini, wale wasemaji wanaobishana na zile kanzu na gomesi, juu utapiga mabati.

Mzee_wa_Lensi
Wadogo zangu ngoja niwape yaliyonikuta, uwanja siutaji na nchi siitaji. Nilikuwa napita tu, mi wala sikuwa na shida ya kuingia kwao. Ndege ya kuunganisha ikachelewa mpaka ikaahirishwa, wakatupa hoteli. Sasa kwenda hoteli lazima utoke nje, na kutoka nje lazima upite kwenye mashine ya mizigo, begi langu la mkononi likapita kijana akasimamisha mkanda. Akaniuliza kibali nikamwambia mi napita tu kesho naondoka, akasema kupita ni kule ndani, ukishafika hapa unaingia. Hakunitukana wala nini, kaandika risiti kwa mkono, kagonga muhuri, kaniambia utaichukua siku ya kuondoka. Nikalala vizuri kabisa nina risiti. Ndege saa kumi na moja alfajiri, mimi saa nane usiku nishafika pale, stoo imefungwa. Mwenye funguo anaingia saa mbili asubuhi. Nimezunguka dirisha hili naambiwa nenda lile, lile naambiwa rudi hili, huku jina langu linaitwa kwenye spika. Ikabidi nipande ndege. Baadae nikamtuma jamaa anayeishi kule na barua ya idhini na kopi ya pasipoti yangu, wakamwambia mwenye mali aje mwenyewe, alafu kuna malipo ya stoo yanahesabika kila siku. Kupiga hesabu ya tiketi na stoo nikaona inafika bei ya droni nyingine. Mpaka leo risiti ninayo droni sina. Kwahiyo anayekwambia "wanakupa risiti usijali" muulize hiyo stoo inafunguliwa saa ngapi.

Kapteni_Capri
Pole sana mzee. Hiyo ndo watu hawaelewi, mara nyingi hawakuibii, wanashikilia tu mpaka uondoke. Ila kuipata inategemea unatokea mlango ule ule na kwenye muda wa ofisi. Mtu anaingia Mutukula anarudi kwa ndege kutokea Entebbe, sasa droni iko Mutukula, utafanyaje?

FundiBetri
Na betri msisahau. Betri za akiba haziendi kwenye begi la chini ya ndege, zinakaa mkononi. Chini ya Wh 100 (watt-hour, kipimo cha uwezo wa betri) unabeba bila kuomba, 100 mpaka 160 ukubaliane na shirika na mwisho mbili. Ya Air 2 ni Wh 40 na kidogo, uko salama. Ziba zile shaba kwa selotepu.

Dada_Pasiansi
Anaenda na BASI wewe.

FundiBetri
Wengine watakaosoma je? Siandiki kwa ajili yake peke yake.

Nyakato_Boda
Mi sielewi kwanini watusumbue hivi, mbona wazungu 2018 walikuwa wanarusha droni kutoka hapa Mwanza mpaka Ukerewe na dawa, hamna aliyewashika.

Kapteni_Capri
Ule ulikuwa mradi mkuu, DHL na Wajerumani wa GIZ na Wingcopter, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika kama 40. Unadhani waliamka tu asubuhi wakarusha? Mwaka huo huo palikuwa na lile shindano la droni la Ziwa Victoria, zikawa zinaruka kwenda kisiwa cha Juma. Vyote vilikuwa na vibali. Hata hapa nyumbani ni TCAA, mamlaka yetu ya anga, na Wizara ya Ulinzi. Shuting_Igoma ya kwako ina kibali cha hapa?

Nyakato_Boda
Kibali mzungu anapewa, mswahili anaambiwa njoo kesho.

Shuting_Igoma
Mzee wa Lensi pole sana, imeniuma mpaka mimi. Nilichokuwa nafikiria niifungue propela, mwili niuweke katikati ya nguo na rimoti niitie begi jingine, waone ni vifaa vya kamera tu.

Mzee_wa_Lensi
Hapo ndo unatafuta kutaifishwa kweli kweli. Uliyoionyesha mwenyewe inashikiliwa unaandikiwa karatasi, uliyoificha ikakutwa hadithi inakuwa nyingine, na wewe unaunganishwa nayo. Ukiamua kubeba, onyesha. Na uonyeshe pia wakati wa kutoka, pale Mutukula ni kituo cha pamoja, TRA na Waganda wako jengo moja, omba serial namba iandikwe na utembee na risiti ya ulikonunua. Usipofanya hivyo unaweza ukarudi ukaulizwa ushuru wa droni yako mwenyewe.

Kirumba_Mwaloni
Ngoja niulize, hao wazazi wa binti wanakaa Uganda sehemu gani?

Shuting_Igoma
Entebbe.

Dada_Pasiansi
😂😂😂 Entebbe!! Uwanja wa ndege wa kimataifa upo pale na Ikulu ipo pale, na wewe unataka kurusha droni juu ya harusi. Hata ukipita mpakani salama utarushia wapi?

Kapteni_Capri
Dah. Hapo hata mwenyeji mwenye vibali sijui kama atakubali. Mwambie mteja mapema kabla hujala na awamu ya pili.

Shuting_Igoma
Bwana harusi nimempigia, anasema mjomba wa binti anajuana na watu, atauliza. Bado sijaamua.

FundiBetri
"Anajuana na watu" ndo kibali chetu kikuu Afrika Mashariki. Ila ungekuwa na ndogo ungerusha dakika mbili ukashusha.

Dada_Pasiansi
FundiBetri utamfunga mtu.

Nyakato_Boda
Samahani natoka nje ya mada, hilo basi la Bukoba siku hizi linapita darajani Kigongo au bado linapanda kivuko?

Kirumba_Mwaloni
Darajani, toka lizinduliwe Juni 2025. Ile foleni ya kivuko imebaki hadithi, kilomita 3 unavuka kabla hujamaliza mhindi.

Nyakato_Boda
Na pale darajani droni wanaruhusu? Nina mteja wa video ya bongo fleva anapataka sana.