Naomba ushauri: kufundisha Yeremia 29:11 bila kuukata mstari

Shalom wapendwa. Naomba ushauri kwa wanaoongoza vikundi vya kujifunza Neno. Kipindi ni dakika 45, somo ni Yeremia 29:11, ule mstari wa "mawazo ya amani" unaoandikwa kwenye kadi za mahafali.

Mpango ni kusoma kwa sauti kuanzia 28:1 hadi 29:14, mistari 31, kabla ya maelezo yoyote. Ukianzia sura ya 29 unamkosa Hanania, nabii aliyewaahidi watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka 2. Barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli inasema kinyume: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto, uombeeni mji mliohamishiwa. Kisha mstari wa 10, ambao kadi hazina, unataja miaka 70. Yaani watu wazima wengi walioisikia barua ile wangefia ugenini. Na "ninyi" pale ni wingi, ni jamii nzima ya wahamishwa.

Ninapokwama ni hapa. Ukishaeleza hayo, mtu aliyeushikilia mstari huu akiwa mgonjwa au hana kazi anaona amenyang'anywa ahadi, ananyamaza. Inaniuma aondoke hivyo.

Mnavukaje kutoka kwa wahamishwa wa Babeli hadi kwa msikilizaji wa leo? Mnapitia 1 Petro 1:1, panapowaita waamini wageni wa utawanyiko, au mnakaa kwenye mstari wa 12 na 13, kuomba na kumtafuta Mungu palepale ugenini? Na swali la "basi hautuhusu?" mnalijibu mwanzoni au mnasubiri liulizwe?