Mti wa mepo Kampala: nikate wapi?

Swali
Wakuu, nina mepo wa Kijapani kwenye chungu cha sentimita 25, hapa Kampala. Shina limefikia unene wa kidole gumba. Vichipukizi vinarefuka ovyo, pingili moja karibu sentimita 8, na kingo za majani zimekauka. Nataka kuufanya bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni: kuufupisha na kuufunga waya wa kupinda matawi. Nianzie wapi?

Jibu 1
Waya weka kando kwanza. Mti huu hutaka wiki nyingi za baridi chini ya nyuzi 7, upukutishe majani, ulale. Kampala usiku ni kama nyuzi 17, hivyo haulali. Unachipua kwa akiba yake mpaka iishe. Hata Kabale, kule milimani, baridi haitoshi. Ukikata sana sasa, unaumalizia.

Mepo mwenye afya hukatwa hivi: majani hutoka mawili mawili yakitazamana, basi jozi ya pili ikianza kufunguka, bana ncha kwa kucha, ibaki jozi ya kwanza. Ukichelewa, pingili iliyokwisha kurefuka hairudi. Matawi matatu yakitoka fundo moja, ondoa moja, la sivyo hapo panavimba kama goti. Wako lakini uachie kila jani, uuweke penye jua la asubuhi tu.

Jibu 2
Naunga mkono. Kwa kujifunzia mkasi, chukua mutuba, huu huu wa kutolea lubugo, kitambaa cha gome. Kipande cha tawi kinene kama mpini wa jembe kinashika mizizi mvua za Machi zikianza. Udongo: matofali yaliyopondwa, chenga za milimita 3 hadi 6, sehemu mbili, mboji sehemu moja. Vumbi lichekeche ulitupe, ndilo linalozuia maji na kuozesha mizizi.

Majani ya mutuba hupishana, hayatazamani kama ya mepo, kwa hiyo jani unaloliacha mwisho ndilo linaloamua tawi linaelekea wapi. Kata juu kidogo ya jani linalotazama nje. Acha tawi lifikishe majani 6 au 8, kisha rudisha kwenye 2. Ukibana mapema halinenepi kamwe.

Waya wa alumini, unene theluthi moja ya tawi, uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45.

Muuliza swali
Na ule utomvu mweupe wa mutuba nikikata? Waya ukae miezi mingapi?

Jibu 2
Miezi? Kagua kila wiki. Msimu wa mvua, wiki ya tatu unaweza kukuta umeshazama kwenye gome. Usiuzungushe kuutoa, ukate kipande kipande kwa koleo. Utomvu nyunyizia maji, utakoma wenyewe, ila usiguse macho.