Stempu za Zanzibar zilizogongwa JAMHURI 1964, naziuzaje? (Haraka)

Kibuyu77: Wakuu, habari. Nina stempu tatu za UHURU 1963 zenye sura ya Sultani Jamshid, juu yake zimegongwa JAMHURI 1964 kimshazari, wino mweusi. Ni za marehemu babu. Niziuze vipi nisipunjwe?

Lenzi_Kumi: Bahasha yake iko wapi?

Kibuyu77: Mkuu, nauliza bei, bahasha ya nini?

MzeeAlbamu: Sultani alipinduliwa 12 Januari 1964, na posta zilikuwa zimejaa stempu zenye sura yake. Zikagongwa kwa mkono hukohuko Zanzibar. Ndiyo maana nyingine zimepinda, nyingine zimegongwa mara mbili. Zilizochapwa JAMHURI kwa mashine zilikuja baadaye. Za mkono ndizo zinazoghushiwa: muhuri wa mpira na wino vinatosha.

Bi_Karafuu: Kama ziko kwenye bahasha, ziache. Kama imeshakatwa, bakiza sentimita moja ya karatasi pembeni, loweka maji baridi dakika 15 hadi 20 mpaka karatasi iachie yenyewe. Usivute stempu. Wino wa zambarau au karatasi ya rangi, bakuli lake peke yake. Anika kifudifudi kwenye karatasi inayonyonya, kisha zilaze chini ya kitabu kizito.

Kibuyu77: Nilishazibandua, kwa mvuke wa birika. Bahasha ililiwa na mende, ningeitunza ya nini?

Bi_Karafuu: Mvuke unakunja karatasi na kuacha mabaka ya gundi. Na ungeitunza, ungebaki na bahasha yenye anwani, ushahidi kwamba ilisafiri kweli.

Chwaka_Boy: Mende ndiye mkusanyaji mkongwe kuliko wote humu 😂

Lenzi_Kumi: Muhuri wa posta unasomeka tarehe gani?

Kibuyu77: 10 Desemba 1963. Zote tatu.

Chwaka_Boy: Chai hii! Siku yenyewe ya Uhuru, Mapinduzi bado mwezi mzima. Mgongaji alikuwa mtabiri?

Lenzi_Kumi: Stempu halali iligongwa JAMHURI kwanza, ndipo ikauzwa na kubandikwa, muhuri wa posta unakaa juu. Chukua lenzi inayokuza mara kumi, taa itoke ubavuni, tazama mistari inapokatana. Mweusi juu ya mweusi hudanganya macho, ila hapa tarehe imemaliza kazi.

Kibuyu77: Labda karani alisahau kubadilisha tarehe.

MzeeAlbamu: Januari karani husahau mwaka, anagonga Januari 63. Kusahau siku, mwezi na mwaka kwa pamoja, tena vikaangukia siku ya Uhuru? Hapana. Mtu amegonga juu ya stempu zilizokwishatumika.

Kibuyu77: Mteja kashatuma nusu ya hela. Na ni yeye aliyesema ni halali.

Bi_Karafuu: Mrudishie leo.

Chwaka_Boy: Mteja, babu, mende… weka picha, mbele na nyuma.

Kibuyu77: Kesho. Simu haina chaji.

Chwaka_Boy: Kikombe cha pili hicho.