Tupeane uzoefu: kuhifadhi maji ya mto chini ya mchanga

Mgogo_Halisi (mwanzisha mada)
Wakuu, kwetu Dodoma korongo likifurika leo, keshokutwa unalivuka na kandambili mguuni. Kijijini tumekubaliana tujenge ukuta mtoni wa kuzuia mchanga, maji yalale ndani ya mchanga huo hadi Oktoba. Mawe tunayo, fundi tunaye. Shida makaratasi. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inatupeleka bodi ya maji ya bonde la mto kuomba kibali cha maji, ila mchanga una wenyewe. Aliyepitia haya aseme aliyoyaona, ya kusikia tunayo tele.

Mwana_Kitui
Sisi tulijenga kwa mwethya, kila boma linatoa mtu. Kosa letu ni kuinua ukuta wote kwa msimu mmoja. Mafuriko yalipofika yakatulia, tope likatuama, tukabaki na bwawa la ufinyanzi. Unachimba kisima mtoni asubuhi, hadi saa sita hujajaza mtungi mmoja. Wa pili tuliuinua kidogo kidogo, msimu kwa msimu: tope likapita juu na maji, mchanga mzito ukabaki nyuma ya ukuta. Mchanga wa hivyo hubeba maji kama robo ya ujazo wake, hata zaidi, na ukishuka kama sentimita 60 jua haliyapati tena. Mbu nao hawana pa kutagia.

Jirani wa chini alitushtaki kwa chifu kwamba tumemkatia mto. Ilibidi tumtembeze pale siku ya mvua aone jinsi maji yanavyoruka ukuta kumfuata.

Mama_Makueni
Mwana Kitui umesahau malori. Nyie jengeni ukuta, wenzenu watakuja usiku na makoleo. Mchanga ukiondoka, maji hayana pa kukaa. Hapa tulishalala mtoni na tochi, akina mama watupu, maana waume wengine walikuwa ndio wapakiaji! Kaunti ilipitisha sheria ya mchanga mwaka 2015, ikaunda na mamlaka yake. Wizi haujaisha, lakini siku hizi ukimsimamisha dereva unamuuliza kibali, humuombi huruma. Ndugu yangu wa Dodoma, anza na mchanga ndipo uende kwa maji.

Mbongo_Phoenix
Niko Arizona, nafanya kazi za bustani. Huku maji ya mto Colorado huletwa kwa mfereji, yakamwagwa kwenye madimbwi ya changarawe yazame. Tangu 1996 jimbo lina kitu wanachokiita benki ya maji, kwa sababu mgao wao wa mto walikuwa hawaumalizi na waliogopa California itauchukua. Ukizamisha unaandikiwa salio, kwa kawaida asilimia 5 inakatwa ibaki ardhini. Ukizamisha huku, unaruhusiwa kuvuta kule, mradi ni eneo moja la usimamizi. Mgao ulipokatwa 2022, wakulima wa Pinal, huku huku Arizona, ndio walioumia kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu huku wanagombania daftari la salio kuliko pampu.

Mgogo_Halisi
Nimewasoma wote. Mama Makueni, umenikosesha usingizi: mkutano wa kijiji ni Jumamosi, na mwenye lori la mchanga ni mjumbe wa halmashauri yetu.

Mama_Makueni
Mpeni uenyekiti wa kamati ya ulinzi. Sitanii. Wetu tulimfanyia hivyo hivyo.