Faili langu la .bat linaishia njiani baada ya npm install, naomba msaada

mwalimu_wa_zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sekondari huku Sengerema na nina klabu ya kompyuta ya kidato cha tatu. Tuna mashine 14 za Windows 10, zote zina VS Code (programu ya kuandikia kodi), intaneti hakuna. Watoto wanajifunza Python, na kinachowakwamisha ni ule ujumbe wa kosa wa Kiingereza. Mtoto akiona IndentationError (nafasi za mwanzo wa mstari hazijakaa sawa) anaganda, anakunja mikono. Nikawatengenezea kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya VS Code, kwa lugha ya TypeScript: ukipeleka kishale kwenye mstari wenye kosa, kinakueleza kwa Kiswahili kosa ni nini na uanzie wapi kutazama.

Kiendelezi kinafanya kazi vizuri. Shida ni faili la .bat (orodha ya amri ambazo Windows inaziendesha kwa mfululizo) la kukijenga na kukisakinisha:

```
@echo off
npm install
npm run compile
vsce package
code --install-extension masomo-0.0.3.vsix
echo Tayari
pause
```

Nikilibofya mara mbili, npm (chombo cha kushusha vifurushi vya kodi) inashusha vifurushi vyake mpaka mwisho, halafu dirisha linafungika lenyewe. Hakuna kosa lililoandikwa, hata ile pause haifikiwi. Nikiandika amri hizohizo kwa mkono, moja baada ya nyingine, zote zinakubali. Nimekesha nalo siku mbili na bando linateketea. Natanguliza shukrani.

Kibo_Junior
Mkuu, hiyo ni antivairasi inakata. Izime kwanza ujaribu tena.

fundi_mitambo
Usizime kitu, mwalimu. Umeshatoa jibu mwenyewe uliposema kwa mkono zinakubali zote. Kwenye Windows, npm unayoiita ni faili la npm.cmd, yaani nalo ni la bechi kama lako. Faili la bechi likiita jingine hivihivi, linakabidhi kazi moja kwa moja na halirudi tena. npm ikimaliza, kila kitu kimeisha, ndiyo maana huoni kosa: kwa Windows hakuna kosa lililotokea. Weka neno call mbele:

```
call npm install
```

Fanya hivyo pia kwa ile npm ya pili, kwa vsce (inayofunga kiendelezi kuwa kifurushi cha .vsix) na kwa code (amri ya VS Code), maana nazo ni za .cmd. Ukisahau moja tu, faili litaishia hapo.

mwalimu_wa_zamu
Aisee! Imepita! Neno moja tu, siku mbili zimekwenda. Mungu akubariki mkuu. Sasa imesimama kwenye vsce, inalalamika haioni "repository" (anwani ya hifadhi ya kodi) na inasubiri nijibu y.

dada_wa_kodi
Hongera mwalimu, wazo la kuwaelezea makosa kwa Kiswahili limenigusa sana. Hilo swali utaliondoa kwa `--allow-missing-repository`. Na kama package.json yako (faili la maelezo ya kiendelezi) ina `vscode:prepublish` inayoita compile, ule mstari wa compile ufute, vsce inaiendesha yenyewe kabla ya kufunga kifurushi.

Lakini nikuulize: unataka kuliendesha faili hili kwenye kila mashine? Ukifanya hivyo utahitaji Node (programu inayoendesha npm) na intaneti kwenye zote 14. Gawa kazi. Moja la kujenga, unaliendesha nyumbani mara moja:

```
@echo off
cd /d "%~dp0"
call npm install
if errorlevel 1 goto kosa
call vsce package --allow-missing-repository --out masomo.vsix
if errorlevel 1 goto kosa
echo Tayari
pause
exit /b 0
:kosa
echo Imekwama, soma mistari ya juu
pause
exit /b 1
```

La pili unaliweka kwenye flashi pamoja na masomo.vsix:

```
@echo off
call code --install-extension "%~dp0masomo.vsix" --force
pause
```

Hiyo `%~dp0` ni folda lilimokaa faili lenyewe la .bat. Flashi ikisomeka E: mashine moja na F: nyingine, haikusumbui. Na `--force` ni kwa sababu mashine yenye toleo la juu zaidi itakataa la chini bila hiyo.

Kibo_Junior
Nimejifunza kitu, asanteni. Ila kwa nini asitumie PowerShell, si ndiyo ya kisasa?

dada_wa_kodi
Kwa mistari mitatu haina haja. Halafu Windows 10 ya kawaida inazuia faili za PowerShell (.ps1) mpaka ubadilishe sera yake, na ukilibofya mara mbili linafunguka Notepad. La .bat hata kiranja wa klabu ataliendesha.

fundi_mitambo
Naongeza moja, nimeliona likisumbua watu: usilifungue kwa "Run as administrator". VS Code inaweka viendelezi ndani ya akaunti ya mtumiaji, `%USERPROFILE%\.vscode\extensions`. Ukiingiza nywila ya msimamizi, kiendelezi kitakaa kwake, na mtoto akifungua akaunti yake hakipo.

mwalimu_wa_zamu
Nimetoka maabara sasa hivi. Mashine 12 tayari, kila moja chini ya dakika. Mbili niliingia kwa akaunti yangu kabla sijasoma ujumbe wa fundi_mitambo, watoto hawakioni, nitazirudia Jumatatu kwa akaunti yao.

Nilimwita binti mmoja aliyekuwa amekata tamaa kabisa, nikamwambia afute nafasi za mwanzo wa mstari chini ya `if`. Akapeleka kishale, ikatokea: "Mstari huu unatakiwa uingie ndani. Juu yake kuna alama ya : Bonyeza nafasi mara nne kabla ya neno la kwanza." Akasoma kwa sauti, akarekebisha bila kuniuliza.

Nimebakiza kueleza NameError, TypeError na KeyError. Hiyo TypeError inanipa tabu kuiweka kwa maneno ya mtoto. Mwenye wazo alidondoshe hapa.

dada_wa_kodi
Kwa TypeError jaribu hivi: "Umechanganya vitu vya aina mbili visivyokubaliana, kwa mfano neno na namba. Tazama kila upande wa alama ya + ni kitu gani." Huo ndio mchanganyiko watakaoanza kukutana nao.