Mdogo wangu amefumbua macho baada ya ajali lakini hajibu. Mawasiliano ya ubongo yanaweza kurudi?

DadaMkubwa:
Ndugu zangu, naomba mwenye uelewa anisaidie. Mdogo wangu aligongwa na gari akaumia kichwa vibaya. Alikuwa kwenye koma, akipumua kwa mashine. Sasa anapumua mwenyewe na anafumbua macho, ila ukimwita ni kimya. Daktari amesoma MRI, ile picha ya ubongo, akatuambia mawasiliano ndani ya ubongo yamekatika, tusitegemee sana. Mama anasema akimsogelea, mtoto humfuata kwa macho. Wauguzi wanasema hayo ni macho kucheza tu. Tumsikilize nani?

FizioWaWodini:
Pole sana dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi ni majeruhi wa kichwa. Nakuomba sana, msimpuuze mama. Macho kufuata kitu mara nyingi ndiyo dalili ya mwanzo kabisa kwamba mgonjwa anatoka kwenye hali ya kuwa macho bila kujitambua na kuingia kwenye fahamu hafifu. Na dalili hiyo hupita bila kuonwa mara nyingi mno: utafiti mmoja wa 2009 uliwapima upya wagonjwa 44 ambao timu zao zilikubaliana kwamba hawajitambui, na 18 kati yao wakaonyesha dalili za fahamu.

Chukueni kioo cha mkononi. Mwonyesheni uso wake mwenyewe, kisha mkisogeze polepole kulia na kushoto, juu na chini. Uso wake huyavuta macho kuliko kalamu au tochi. Rudieni siku tofauti, saa tofauti, maana fahamu ya wagonjwa hawa hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja. Daktari akipita mara moja tu mgonjwa akiwa amechoka, hataona kitu.

Sasa mawasiliano. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi ndefu za neva huvutika na nyingine hukatika. Lakini kuna sehemu zilizo hai ambazo zimezimika kwa sababu hazipati msukumo. Thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, ndiyo inayoamsha gamba la mbele, yaani tabaka la nje la ubongo upande wa paji la uso. Nyuzi zake zikipungua, gamba hupoa hata kama halijafa. Hapo ndipo penye nafasi ya kurudi. Ulizeni kuhusu dawa iitwayo amantadini. Jaribio lililochapishwa 2012 kwa wagonjwa 184 lilionyesha waliopewa walipona kwa kasi zaidi wakati wa dawa, ingawa ilipoachwa tofauti ilipungua. Daktari ndiye aamue, maana kwa wengine huchochea degedege.

Mwananeva:
Naongezea. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu awaze kwamba anacheza tenisi. Kwenye MRI, sehemu za ubongo zinazopanga mwendo ziliwaka kama za mtu mzima wa afya. Na utafiti wa 2024 ulipima watu 241 wasiotii amri yoyote kwa nje. 60 walionyesha ubongo wao unatii. Kwa hiyo ongeeni naye, na msijadili mazishi mbele ya kitanda chake.

BabaWatatu:
Samahani kuwa mkavu. Mke wangu moyo ulisimama, ubongo ukakosa oksijeni. Tulifanya ya kioo, ya muziki, yote. Hakurudi. Msimpe dada ahadi.

FizioWaWodini:
Pole mno, kaka, na asante kwa kusema. Ubongo uliokosa oksijeni hupoteza seli zenyewe, tena kila mahali, ndiyo maana dirisha lake la kupona huhesabiwa miezi 3, na la ajali miezi 12. Hata ndani ya miezi hiyo wengi hawarudi kama walivyokuwa. Simwahidi dada chochote. Nataka apimwe sawasawa kabla ya mtu kukata shauri.

DadaMkubwa:
Asanteni nyote. Wiki iliyopita alikuwa akikunja vidole, wiki hii ameacha kabisa, analala tu. Ni kawaida?

FizioWaWodini:
Dada, hilo usilisubirishe. Mgonjwa akirudi nyuma tunatafuta sababu: maji kujaa kichwani, degedege lisiloonekana kwa nje, maambukizi, au dawa za usingizi. Mwambieni daktari leo hii, kwa maneno hayo hayo, na muulize kama picha ya CT na kipimo cha umeme wa ubongo vinaweza kurudiwa.